Kugeuza katalogi ya chila ya ufyonzaji iwe jedwali la uigaji

Swali: Ninaiga kwa kompyuta mfumo wa kupoza jengo kwa joto la jua, nikitumia TRNSYS. Chila, yaani mashine ya kupoza maji, ni ya ufyonzaji (inaendeshwa kwa joto), ya hatua moja, inatumia lithiamu bromidi na maji, na uwezo wake ni kW 35. Mtengenezaji amenipa vipimo vya sahani (namba rasmi za mashine) pamoja na mchoro mmoja unaoonyesha uwezo na joto linaloingia dhidi ya halijoto ya maji moto, kwa maji ya kupoza ya nyuzi 27 na 31. Maji baridi yanatoka kwa nyuzi 7 tu. Programu inadai jedwali lenye vigezo vinne. Nilichukua faili lililokuja na programu nikabadilisha uwezo wa sahani, lakini chila inatoa ubaridi uleule maji moto yakiwa nyuzi 70 au 90. Nijazeje jedwali? Na je, data hiyohiyo inaweza kutumika kwa chila ya kW 105?

Jibu: Tuanze na faili ulilolikuta, maana hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Faili la mfano la Type 107, kijenzi cha TRNSYS kinachoiga chila ya ufyonzaji, limetokana na mashine nyingine kabisa, inayopokea maji moto ya takribani nyuzi 109 hadi 116. Programu haibashiri nje ya jedwali. Ukiipa halijoto iliyo chini ya ile ya kwanza, inashika thamani ya ukingoni na kuendelea na kazi. Kwa hiyo nyuzi zako 70 na nyuzi zako 90 zote zimesomwa kama 109. Uigaji haukusimama, ndiyo sababu ukadhani mambo ni salama. Mashine yako, kama tutakavyoona, ingetoa takribani kW 12 kwa nyuzi 70 na kW 38 kwa nyuzi 90. Faili hilo liweke kando. Chukua mpangilio wake tu, namba zake achana nazo.

Sasa tazama jedwali linahifadhi nini. Vigezo vinne vya kuingiza ni sehemu ya mzigo, halijoto ya maji baridi inayotakiwa, halijoto ya maji ya kupoza yanapoingia, na halijoto ya maji moto yanapoingia. Kwa kila mchanganyiko kuna namba mbili: uwiano wa uwezo na uwiano wa joto linaloingia. Uwezo unagawanywa kwa uwezo wa sahani, na joto linagawanywa kwa joto la sahani. Namba ya pili si mgawo wa utendaji, yaani COP (ubaridi ukigawanywa kwa joto linaloingia). Nimeona mafaili ambayo safu hiyo imejazwa 0.70 kutoka juu hadi chini, na mwandishi wake akashangaa kwa nini paneli za jua zinatosha hata asubuhi. Kigawanyo kiwe kilekile katika jedwali zima, na kilingane na uwezo na COP utakavyoviandika kwenye vigezo vya mashine ndani ya programu. Ukibadilisha kimoja bila kingine, kosa linaingia kila saa ya mwaka.

Kabla ya kugusa mchoro, kagua sahani. Mashine ndogo za daraja lako huwa na vipimo kama hivi, navyo nitavitumia katika mfano wote: ubaridi kW 35.2, maji yakishuka kutoka nyuzi 12.5 hadi 7 kwa lita 1.52 kwa sekunde. Joto linaloingia kW 50.2, maji moto yakishuka kutoka 88 hadi 83 kwa lita 2.4 kwa sekunde. Joto linalotupwa kwenye mnara wa kupoza kW 85.4, maji yakipanda kutoka 31 hadi 35 kwa lita 5.1 kwa sekunde. Jumlisha 35.2 na 50.2, unapata 85.4. Kisha zidisha kila mtiririko kwa 4.19 na kwa tofauti ya nyuzi, uone kama unarudi kwenye kW zilezile. Zinarudi, zikipishana kidogo kwa sababu ya kukadiria desimali. Sahani isipofunga hesabu hii, usiendelee, ama umesoma kipimo kimoja kwa vizio vingine (tani moja ya ubaridi ni kW 3.517, na katalogi nyingi bado zinaitumia), ama mtengenezaji amechanganya hali mbili tofauti za kupimia. Kiwango cha Marekani cha AHRI 560, kwa mfano, kinapimia maji ya kupoza yakiingia kwa nyuzi 29.4 na maji baridi yakitoka kwa nyuzi 6.7. Mashine iliyopimwa hivyo itaonekana na nguvu kuliko iliyopimwa kwa 31, hata kama ni chuma kilekile.

Tuje kwenye tatizo lenyewe. Una mistari miwili ya mchoro na halijoto moja ya maji baridi. Jedwali linataka maji ya kupoza ya nyuzi kadhaa, maji baridi ya nyuzi kadhaa na mizigo kadhaa. Kuna njia mbili mbovu zinazotumika sana. Ya kwanza ni kunakili safu ya nyuzi 7 kwenye safu za 9, 12 na 15, kana kwamba maji baridi hayana athari yoyote. Ya pili ni kuviachia vipolinomia vya daraja la juu vichore vinavyotaka kwenye eneo ambalo hakuna nukta hata moja. Njia ninayoipendekeza ni kuipunguza mashine iwe mlinganyo mmoja wenye maana ya kifizikia, uupime kwa nukta ulizonazo, kisha utumie mlinganyo huo kujaza jedwali.

Chila ya ufyonzaji ya hatua moja ina mishinikizo miwili tu. Kondensa (mvuke unapogeuka maji) na kichemshi (mmumunyo unapopashwa na maji moto) viko kwenye shinikizo la juu. Evaporeta (ubaridi unapotokea) na kifyonzaji (mmumunyo unapofyonza mvuke) viko kwenye la chini. Halijoto ya kondensa inaweka shinikizo ambalo kichemshi lazima kilishinde ili mvuke utoke kwenye chumvi. Halijoto ya evaporeta inaweka shinikizo ambalo kifyonzaji kinaruhusiwa kufyonza kwalo. Kwa mmumunyo wa lithiamu bromidi, pengo kati ya kichemshi na kifyonzaji linafuata pengo kati ya kondensa na evaporeta kwa kigezo kinachokaribia 1.15, kinachojulikana kama kigezo cha Dühring. Kwa kuwa kondensa na kifyonzaji vyote vinapozwa na maji yaleyale ya mnara, halijoto zote tatu zinakusanyika kwenye namba moja, ambayo hapa nitaiita msukumo:

D = Tm − 2.15 × Tk + 1.15 × Tb

Tm ni wastani wa maji moto kati ya kuingia na kutoka, Tk wastani wa maji ya kupoza, na Tb wastani wa maji baridi. Uwezo wa kupoza unakuwa karibu mstari mnyoofu wa D, na joto linaloingia vilevile. Mlinganyo huu umekomazwa na watafiti wa Ujerumani, na sifa yake kubwa ni kwamba unakuambia uzito wa kila halijoto kabla hujapima chochote: nyuzi moja ya maji ya mnara ina thamani ya nyuzi mbili na zaidi za maji moto. Anayehangaika kuongeza paneli ili apandishe maji moto kwa nyuzi 4, mara nyingi angepata faida hiyohiyo kwa mnara unaoshusha maji ya kupoza kwa nyuzi 2.

Angalia neno wastani hapo juu. Katalogi inakupa maji moto na maji ya kupoza yanapoingia, na maji baridi yanapotoka. Mlinganyo unataka wastani, na wastani unategemea kW zenyewe. Kwa nukta ya sahani: Tm ni 85.5, Tk ni 33, Tb ni 9.75. D inakuwa 85.5 − 70.95 + 11.21, yaani 25.76.

Tuseme kwenye mstari wa nyuzi 31, maji moto yakiingia kwa 80, umesoma ubaridi kW 25 na joto kW 36.5. Joto la mnara ni jumla yake, kW 61.5. Maji moto yanapoteza kW 36.5 kwenye lita 2.4, hivyo yanashuka nyuzi 3.63 na wastani wake ni 78.18. Maji ya kupoza yanapanda nyuzi 2.88, wastani 32.44. Maji baridi yaliingia kwa nyuzi 10.93, wastani 8.96. D ni 18.74. (Lita moja nimeihesabu kama kilo moja, hata kwa maji moto; namba za sahani zinaonyesha kuwa mtengenezaji alifanya hivyohivyo, na ni bora kufuata desturi yake kuliko kuisahihisha nusunusu.)

Una nukta mbili, basi una mistari miwili:

Ubaridi = 1.45 × (D − 1.5)
Joto linaloingia = 1.95 × D

Itazame kwanza kabla ya kuitumia. D ikiwa 1.5, ubaridi ni sifuri lakini joto linaloingia bado ni karibu kW 3. Hivyo ndivyo mashine ya kweli inavyofanya: ikiwa imewashwa bila kupoza, inaendelea kula joto kuuzungusha mmumunyo na kufidia hasara. Ukipata mistari ambayo joto linafika sifuri kabla ya ubaridi, kuna nukta umeisoma vibaya, hata kama mstari wako unapita katikati ya nukta zote vizuri kabisa. Mimi huthamini kipimo hiki kuliko takwimu yoyote ya ubora wa rigresheni.

Kisha jaribu mahali ambapo hukupima mlinganyo. Una mstari wa nyuzi 27. Weka maji moto 80, maji ya kupoza 27, maji baridi 7. Kwa kuwa kila kitu ni mstari mnyoofu, D inapatikana moja kwa moja bila kuzungukazunguka: unaandika wastani tatu kwa kutumia D yenyewe, unakusanya, na unapata D ya 26.3, ubaridi kW 36 na joto kW 51. Fungua mchoro usome nukta hiyo. Ikikaribiana ndani ya asilimia 5, mlinganyo umekubali. Isipokaribiana, viachie vile vigezo 2.15 na 1.15 huru na uvitafute kwa rigresheni kutoka kwenye nukta zako zote. Annett Kühn na Felix Ziegler walionyesha mwaka 2005 kuwa mlinganyo uliolegezwa hivyo unazifuata mashine halisi vizuri zaidi, na vigezo vinavyotoka huwa vikubwa kuliko vya nadharia. Ila tahadhari: kwa mchoro wako wenye maji baridi ya nyuzi 7 pekee, data haiwezi kukipima kigezo cha Tb kwa uhakika. Huo mzigo mwachie mtengenezaji. Mwandikie umwombe nukta tatu au nne kwa maji baridi ya nyuzi 10 na 15. Nukta hizo chache zina faida kuliko mchoro wa pili wenye mistari kumi ya nyuzi 7.

Mstari mnyoofu una mwisho wake. Juu ya nyuzi 90 au zaidi kidogo za maji moto, na maji ya kupoza yakiwa baridi sana, mashine nyingi huacha kupanda: mmumunyo hauzunguki haraka vya kutosha, na mdhibiti anazuia chumvi isigande. Lithiamu bromidi ikikolea kupita kiasi na kupozwa ghafla, hujenga fuwele ndani ya kibadilisha-joto na mashine inasimama kwa siku. Ndiyo maana katalogi huweka kiwango cha chini cha maji ya kupoza. Jedwali lako lisivuke mipaka hiyo: pale mchoro unapolala, wewe nawe laza uwezo kwa kuandika thamani ya juu kabisa uliyoiona kwenye katalogi. Mipaka ikishaandikwa, ile tabia ya programu kushika ukingo inakuwa msaada kwa upande wa juu. Kwa upande wa chini bado ni hatari. Chini ya halijoto ndogo ya maji moto weka kidhibiti kinachoizima chila, usitegemee jedwali likuzimie.

Sehemu ya mzigo ndiyo inayowasumbua watu zaidi, kwa sababu mchoro wa mtengenezaji karibu kila mara ni wa mzigo kamili. Uliza kwanza jambo moja: mashine inapunguzaje nguvu? Kama ina vali ya njia tatu inayopitisha sehemu ya maji moto pembeni, mlinganyo wako tayari una jibu. Jengo likitaka kW 17.6, yaani nusu ya sahani, D inayohitajika ni 17.6 ÷ 1.45 + 1.5, sawa na 13.64, na joto ni kW 26.6. Uwiano wa joto ni 0.53, na COP imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.66. Kushuka kidogo tu. Angalia pia kwamba mzigo unapopungua, kinachobadilika ni namba ya pili, ile ya joto. Kama mashine inawaka na kuzima badala ya kupunguza, hesabu hiyo inaisifia kupita kiasi, kwa sababu kila ikiwaka lazima ipashe moto tena chuma na mmumunyo wake kabla haijatoa ubaridi.

Hapo tunagusa jambo ambalo jedwali haliwezi kulibeba hata ulijaze vipi. Type 107 ni ya hali tulivu. Chila ndani ya programu inafika kwenye uwezo wake papo hapo, ilhali ya kweli huchukua robo saa, nusu saa au zaidi. Kwa mfumo wa jua, ambao mawingu yanaukatakata, tofauti hiyo si ndogo. Ukiiga kwa hatua ya saa moja, inafichika. Ukiiga kwa hatua ya dakika chache, weka tangi dogo la maji kwenye mzunguko wa maji moto baada ya chila ili libebe uzito wa joto wa mashine. Sijaona njia nyepesi zaidi ya hiyo. Mtiririko nao haumo kwenye jedwali. Ukipunguza pampu ya maji moto hadi nusu, wastani wa halijoto unashuka na pia uwezo wa mabomba ya ndani kupitisha joto unashuka, na programu haitaona lolote kati ya hayo ila kupitia halijoto ya kutoka. Kama unataka pampu zinazobadilika kasi, tengeneza jedwali jingine kwa mtiririko mwingine, au andika mlinganyo wenyewe kama kijenzi badala ya jedwali. Na kama mzunguko mmojawapo una glaikoli, ile 4.19 haifai tena. Chukua thamani ya mchanganyiko wako.

Kuandika faili lenyewe ni kazi ya dakika chache kwa lahajedwali au hati fupi ya programu. Maji moto sita, kuanzia 70 hadi 95 kwa hatua ya 5. Maji ya kupoza manne. Maji baridi manne. Mizigo kumi na moja kutoka 0 hadi 1: jumla ni mistari 1,056. Mistari ya kwanza ya faili inaorodhesha thamani za kila kigezo, zikipanda. Kisha zinafuata namba mbilimbili, na maji moto ndiyo yanayobadilika haraka kuliko vyote, halafu maji ya kupoza, halafu maji baridi, na mzigo unabadilika mwisho. Ukikosea mpangilio huo faili litasomeka bila malalamiko na chila itafanya vituko. Jaribio langu ni rahisi: naendesha chila peke yake, bila jengo wala paneli, nikiilisha hali ya sahani, na nadai itoe 35.2, 50.2 na 85.4. Halafu naibadilishia halijoto moja baada ya nyingine nikitazama uwezo: lazima upande maji moto yakipanda, ushuke maji ya kupoza yakipanda, upande maji baridi yakipanda, popote pale usipokuwa umelaza mstari kwa makusudi.

Usisahau umeme. Kwa kila kW 35 za ubaridi mnara wako unatupa kW 85, karibu mara mbili na nusu, wakati chila ya kompresa yenye COP ya 4 ingetupa kW 44 tu. Pampu na feni za mnara ndizo zinazoamua kama mfumo mzima una faida, nazo hazimo kwenye jedwali.

Ukihamia EnergyPlus, programu nyingine ya kuiga majengo, data ni ileile lakini umbo ni jingine: kijenzi cha Chiller:Absorption:Indirect kinataka mikunjo ya kusahihisha uwezo, mmoja kwa kila halijoto, na mingine kwa joto linaloingia. Zalisha nukta kutoka kwenye mlinganyo, lazimisha mikunjo juu yake, na uandike kiwango cha chini na cha juu cha kila mkunjo. Bila viwango hivyo mkunjo wa daraja la tatu unaweza kukupa uwezo hasi asubuhi yenye ubaridi.

Kuhusu kW 105: ndiyo, kama ni mashine ya familia ileile, ya hatua moja na lithiamu bromidi, na mitiririko yote mitatu imeongezeka mara tatu pamoja na uwezo. Hapo uwiano unabaki uleule na unabadilisha namba za sahani tu. Linganisha tofauti za nyuzi kwenye sahani mbili. Kama kubwa nayo ina 5.5, 5 na 4, endelea. Kama mtengenezaji amepunguza mtiririko wa mnara ili tofauti iwe nyuzi 5 au 6, wastani wa Tk umepanda, na unatakiwa upime upya mistari miwili kwa nukta za mashine hiyo. Kwa chila ya hatua mbili, inayotumia mvuke au moto wa moja kwa moja na kufikia COP ya zaidi ya 1, au ya amonia na maji, usijaribu: njia ya mmumunyo ndani yake ni nyingine, na vile vigezo 2.15 na 1.15 havihusiki nazo.